Ndege Wanaotaga Chini ya Mchanga

Hapa Guangzhou, Uchina, wazee wastaafu hawakai nyumbani kulea wajukuu tu. Asubuhi utawakuta bustanini wamejipanga na kamera zenye lenzi nene kama mchi, wamemwaga funza juu ya gogo ili ndege atue pale wanapotaka wao. Mimi na mwenzangu tulijifunzia kwao kupiga picha za ndege. Sote ni wanafunzi, mimi wa Tanga, yeye wa Nakuru, chumba kimoja, sufuria moja. Nilimpenda, siwezi kukana.

Wazee wale wana sheria kwenye kundi lao la simu: ukitaka kuonyeshwa pahala pa ndege adimu, nawe utoe pahala pako. Bila hivyo watakuchekea, watakumenyea chungwa, na hutaambiwa kitu. Mwenzangu, ambaye Jumamosi alikuwa akiwakalimania wanunuzi wa nguo kule soko la Zhanqian, aliona hiyo ni biashara kama nyingine. Lakini sisi hatukuwa na cha kutoa, tukabaki na shore, ndege wa kila siku wa bustanini.

Likizo ya mwaka juzi tulipita Oman tukielekea nyumbani. Shangazi yangu ana rafiki yake wa zamani, bibi mmoja mzaliwa wa Unguja, anayekaa pwani ya mbali ambako jangwa linashuka mpaka baharini. Upande mmoja ni mchanga mtupu, hata kichaka cha kujibanza hakuna. Upande wa pili maji yanapwa na kujaa, na matope yote yamejaa ndege. Wale weusi kwa weupe wanaokula kaa nawajua tangu utoto. Tanga huja kwa makundi, kisha hutoweka. Sikuwahi kujiuliza wanakwenda kutaga wapi. Kumbe ni pale. Wanachimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani kabisa, mbali na jua.

Ufunguo wa geti la njia ya kule anao bibi, maana ardhi ni ya ukoo wa marehemu mumewe. Anaendesha pikapu vibaya na lawama zote anaitupia barabara. Tulipofika alituvua viatu, akatupanga mmoja nyuma ya mwingine, tukakanyaga alipokanyaga yeye. Chini ya mchanga ule ni mashimo matupu, ukikosea hatua unamzika kinda. Tukalala kifudifudi, joto likitukaanga, nikampata ndege anaingia shimoni na kaa mdomoni. Nililia kwa furaha. Mwenzangu akanifuta uso kwa mtandio wake ili jasho lisidondokee kamera.

Wakati wa kuaga, bibi alinishika mkono mimi.

"Mwanangu, pahala hapa nimekupa amana. Usimtajie mtu."

"Amana yako iko salama, bibi," nikamwambia. "Nasema kwa niaba yetu sote wawili."

"Kabisa, nyanya," mwenzangu akaitikia.

Msimu wa baridi uliofuata, wazee wa bustanini walimchukua mwenzangu kwenda kumwona ndege mdogo mwenye mdomo kama kijiko, ambaye watu husafiri kutoka nchi za mbali kumtafuta. Mimi sikualikwa. Aliniambia garini ilibaki nafasi moja tu. Nikamfungia chapati za safari, na mayai ya kuchemsha juu yake.

Mwezi wa sita nikiwa kwenye foleni ya kantini, sauti ya bibi iliingia kwenye simu.

"Mwanangu, wageni wako walifika. Wamenambia, kwa simu yao ya kutafsiria, wewe ndiye uliyewatuma, wakanionyesha na picha yako uko nao bustanini unacheka. Nikawafungulia, nikawapikia. Siku ya pili wakatoka peke yao, wakafukua mashimo wapate picha ya kinda. Ndege wamehama wote. Mbona hukunambia kama watu wenyewe ndio hawa?"

Picha ile aliipiga mwenzangu. Nilikumbuka hata alivyoniambia nisogee karibu na wazee.

Nilimkuta chumbani akipaka kucha rangi. Hakukana.

"Lakini nyanya hangewafungulia kwa jina langu," alisema. "Ni wewe alikupenda. Na haki sikujua watachimba. Sasa utanikasirikia juu ya ndege?"

Asante ya punda ni mateke, na mimi punda wangu nilimpikia chapati. Nilimwambia kitu kimoja tu: ampigie bibi, amweleze ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Akasema sawa, atampigia. Nikamwamini, kwa mara nyingine tena, kwa sababu alinitazama usoni aliposema hivyo.

Kesho yake mimi mwenyewe nikampigia bibi. Nilitaka asikie sauti yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, wale hawakuwa watu wangu." Nikamweleza yote, tangu sheria ya wazee mpaka yule ndege wa mdomo wa kijiko.

"Mwenzako kanipigia jana," alisema. "Kalia sana, maskini. Kanambia alikukataza usiwatume, hukumsikia."

Kisha akaniuliza kama shangazi hajambo, kwa ile adabu anayopewa mtu baki, akakata simu.