Jiwe la Wafula

Juzi lori lilimwaga mawe ya mlimani karibu na kwangu hapa Kibomet, mvua ikayanyeshea. Ile harufu ya jiwe lililolowa ilinirudisha kwetu Sirisia moja kwa moja. Nilisimama na mwavuli wangu nikilia, mafundi wakinishangaa.

Nilikuwa na miaka minane mdogo wangu Wafula alipofariki, hata mwaka hajatimiza. Tulimzika nyuma ya nyumba, na mama akaweka upande wa kichwa jiwe la pale pale kwetu, gumu, lenye chembe za kumetameta. Kila Jumapili baada ya kanisa alikaa kando yake, akalipapasa, akalia. Kilio hicho kilinichosha, nisiwadanganye. Nilimtaka mama yule wa zamani, aliyeimba akisonga ugali.

Kukhu, nyanya yangu wa kule juu Elgon, ndiye aliyenitia wazimu. Alimwambia baba, "Huyu mkeo atanyamaza tu. Mimi si nilizika wawili? Mawe yao yalipoota kijani, nikapoa."

Basi nikawa nalimwagia jiwe maji asubuhi na jioni, kama mtu na sukuma wiki yake. Wapi! Maji yaliteleza, jua likalikausha. Kwa miaka miwili sikuona kitu ila doa moja kavu la njano. Lakini mawe ya kwa kukhu yalikuwa mepesi, yenye vitundu vinavyokunywa maji, na yote yalivaa nywele laini za kijani. Likizo ya Agosti nikabeba moja kwenye mkoba wa shule, nikaliweka kaburini. Letu nikalivingirisha hadi mtoni.

Jumapili mama alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Jiwe langu liko wapi?"

"Si hili ni zuri, mama? Limeota."

"Lile lilikuwa na doa. Tukimzika, doa lilikuwa kama punje ya wimbi." Akanionyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho. "Sasa lilikuwa limefika hapa."

Nilipomwambia, alilitafuta mtoni siku tatu, gauni limelowa hadi kiunoni. Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Hakukaa tena kando ya kaburi, wala hakuimba.

Nilielewa miaka mingi baadaye, kliniki hapa Kitale, nikiwa na kadi ya ukuaji mkononi nikisubiri mwanangu apimwe uzito. Mimi nilidhani mama alikuwa akingoja kusahau. Kumbe alikuwa akimtazama mtoto wake akikua.