Nilishika chupa ya ether iliyoota fuwele: mwaka wangu wa honours ya kemia huku Marekani

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi. Kisa ni changu mwenyewe. Sijakiongezea chumvi kwa sababu kilivyo tu kinanitosha. Majina nimebadilisha na chuo sitakitaja, naomba msinibane kwenye hilo.

Mimi ni binti wa Unguja. Naishi Silver Spring kwa mama mdogo, ila chuo kiko upande wa Virginia. Kila siku ni Red Line, nabadilisha treni mjini, kisha basi. Wanaoishi huku wanaijua safari hiyo, unafika darasani umeshachoka.

Nasoma kemia.

Huku ukiwa na matokeo mazuri, mwaka wa mwisho unaweza kuomba honours. Badala ya kukaa vipindini tu, unapewa utafiti wako mwenyewe, unafanya kazi lab chini ya profesa, unaandika thesis, halafu unaitetea mbele ya jopo. Anayetaka kwenda moja kwa moja PhD, hii inambeba sana. Nilikuwa naitaka kuliko kitu chochote.

Nika-apply, nikapata. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza unga unaonasa madini ya risasi kwenye maji ya kunywa.

Mama mdogo hakufurahi. Yeye yuko huku tangu zamani na anakumbuka vipindi ambavyo watu wenye majina kama yetu walikuwa wakitazamwa kwa jicho jingine. Aliniambia, mtoto wa kike, mtandio kichwani, jina la Kiarabu, halafu kemia? Hata uuguzi huuoni? Nikamwambia hayo yamepitwa na wakati, nikaendelea kula.

Sasa niwajulishe watu wa lab, ni wachache.

Kuna Prof, mama wa Kimarekani, mtu mzima, mpole, anaongea haraka mpaka unatamani kumrudisha nyuma. Na kuna Patrice, Mkongo wa Lubumbashi, anafanya PhD. Prof alimpa kazi ya kunifundisha. Tulikuwa tunaongea Kiswahili, ingawa mwanzoni chake kilinipa shida. Mkono kwake ni mukono, kifuniko cha chupa ni bouchon. Baadaye nikazoea, na kusema kweli kusikia Kiswahili katikati ya zile mashine kulikuwa kunanituliza.

Lab yetu Prof aliirithi kwa profesa mwingine aliyestaafu. Mwisho wa chumba kulikuwa na kabati la chuma ambalo hakuna aliyekuwa na habari nalo. Ukaguzi wa usalama ukakaribia, Prof akaniomba nitoe chupa zote za ndani, nizipange mezani ili watu wa taka za kemikali waje wazichukue.

Ilikuwa asubuhi, jua linaingia dirishani. Nimevaa miwani, glovu, koti. Natoa chupa moja moja. Mojawapo ilikuwa imevuja, kwa hiyo nikawa kila nikitoa inayofuata nagusa kifuniko kuona kama kimekaza.

Rafu ya chini, kwa nyuma, nikatoa chupa ya kahawia, nzito kidogo, lebo imefifia. Shingoni kuzunguka kifuniko kulikuwa na kitu cheupe, kama sukari iliyoganda. Nikadhani ni uchafu wa miaka.

Nikaweka vidole kwenye kifuniko.

Nikasikia Patrice nyuma yangu. Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa chini kabisa, na ndiyo iliyonitisha.

"Dada, usifungule. Toa mukono ku bouchon. Polepole."

Wakuu, nisimame hapa kidogo niwaeleze wasiosoma kemia. Kuna vimiminika vinaitwa ether. Vikikaa miaka mingi vikapata hewa, ndani yake hutokea kitu kinaitwa peroxide. Ikizidi, inaota fuwele nyeupe, na fuwele hizo hulipuka kama baruti. Kuitikisa chupa kunaweza kutosha. Hata kuzungusha kifuniko tu, ule msuguano wa kioo na fuwele, unaweza kuilipua mkononi mwako.

Hayo nilikuwa nayajua. Nimeyasoma, nimeyajibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Na bado chupa ilikuwa mkononi mwangu, karibu na kifua, na sikuitambua.

Nikatoa vidole. Mkono mmoja sasa ndio umebeba chupa yote, na mkono huo ukaanza kutetemeka. Kadiri nilivyojitahidi kuutuliza ndivyo ulivyozidi. Nakumbuka nilikuwa najaribu kusoma ayatul kursi na sikuweza kupita mstari wa kwanza, naurudia tu.

Patrice akaja mpaka ubavuni kwangu. Angeweza kukimbia, mlango ulikuwa karibu naye kuliko mimi. Akaweka viganja vyake chini ya kiwiko changu, akanishusha mkono kama anavyoshushwa mtoto aliyelala. Chupa ikagusa meza. Haikutoa hata sauti.

Tukatoka kinyumenyume.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Tukamweleza Prof, akapiga simu ya dharura, jengo zima likatolewa watu nje. Tukasimama kwenye majani, wanafunzi tele, wengi wameshika simu wanarekodi. Likaja gari la zimamoto, wakaja polisi, halafu likaja gari kubwa jeusi la kikosi cha mabomu.

Nilipolisoma neno bomu ubavuni mwa gari, nikapata woga wa aina nyingine kabisa. Ule wa kwanza ulikuwa wa kufa. Huu ulikuwa wa kuishi halafu kila kitu kikaharibika. Niko huku kwa viza ya mwanafunzi. Nikajiona kwa macho ya wale wanaorekodi: mtandio, koti la lab, bomu.

Patrice ni kama aliyasoma mawazo yangu. Akainama akaniambia, "Nitasema ni miye niliishika. Miye niko na green card. Weye usiseme kitu."

Nikanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa ni kukubali.

Simu ikaita, mama mdogo. Habari zilishafika kwenye group la WhatsApp la Watanzania. Alikuwa analia. Akaniambia nitoke hapo sasa hivi, nisiongee na askari bila wakili, nipande basi nirudi nyumbani. Nikamwambia narudi.

Nikaanza kutembea kuelekea kituoni, begi langu liko ndani ya jengo, sina hata kadi ya treni. Sikujali.

Njiani ndipo nikaiona akilini. Nilipovuta ile chupa, nyuma yake kulikuwa na nyingine. Kahawia vilevile. Imelala upande, imeegemea ukingo wa trei ya chuma iliyokuwa chini yake. Niliipita kwa jicho tu kwa kuwa nilikuwa naikusudia baadaye.

Patrice hakuiona. Prof hakujua chochote. Wote walikuwa wanazungumzia chupa moja, iliyoko mezani.

Nisiwadanganye, sikugeuka hapo hapo. Nilisimama na nikaanza kujitafutia sababu. Wale wana roboti, wataiona wenyewe. Wana vifaa. Ndiyo kazi yao. Nikimwambia Patrice akawaambie yeye, watamuuliza aliionaje, na hajui hata ilikuwa rafu gani. Nikamfikiria mama yangu Unguja anaambiwa binti yako amerudishwa.

Kwa mbali nikamwona mtu anavishwa lile vazi zito la kikosi. Alikuwa mwanamke, umri hauzidi sana wangu. Mwenzake anamkaza mikanda mgongoni, wanacheka jambo fulani, kama watu walio kazini siku ya kawaida.

Nikarudi.

Nikamwendea askari mtu mzima aliyekuwa anatoa maelekezo, nikamwambia kwa Kiingereza kilichonikatikakatika, mimi ndiye niliyeishika ile chupa, na kuna nyingine nyuma yake.

Akainua mkono, kila mtu akasimama.

Aliniuliza jina. Akaniomba nilitaje herufi kwa herufi. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Zanzibar, akauliza hiyo ni nchi gani. Nani aliniambia nifungue kabati. Kwa nini nilikuwa naondoka. Hilo la mwisho alilirudia. Nikamwambia ukweli, niliogopa. Akauliza niliogopa nini.

Nikamwambia, "Niliwaogopa nyinyi."

Hakukasirika, hakutabasamu pia. Patrice alishafika akasimama pembeni yangu, ile habari ya kusema ni yeye akaiacha, na Prof naye akaja akamwambia wazi kwamba ni yeye aliyenituma kwenye kabati, swali lolote aulizwe yeye. Yule askari akanipa karatasi nichore kabati, rafu kwa rafu. Mistari ilipinda kama ya mtoto wa chekechea. Akaichukua akampelekea yule mwanamke wa vazi zito.

Mimi nikaambiwa nisiondoke.

Nikakaa ukingoni mwa barabara. Kivuli cha jengo kikanifikia na kunipita. Kila redio yao ikikoroma nilikuwa nafumba macho. Nilikuwa nasubiri mlipuko, na nasubiri pingu, na sikujua kipi kitatangulia.

Hatimaye wakazitoa, moja baada ya nyingine, ndani ya chombo kama pipa nene. Wakazipeleka kwenye uwanja mtupu nyuma ya maegesho ya magari. Tukaambiwa tuzibe masikio.

Mlipuko wa kwanza niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Vumbi likapanda juu ya miti. Prof akafunika mdomo kwa mikono miwili. Mimi niliangalia mkono wangu wa kulia.

Yule mwanamke akaja kwangu, kofia yake kubwa ameishika kwapani, nywele zimelowa jasho. Akaniambia kuwa kutoka mbele, ile chupa ya pili haikuonekana kabisa. Mpango wao ulikuwa kuivuta ile trei nje ili wapate nafasi ya kukagua kabati lote. Trei ambayo chupa ilikuwa imeiegemea. Akasema asante, akaondoka. Hakuniuliza jina.

Askari naye akaniambia naweza kwenda nyumbani. Basi. Hakuna aliyenifuata tena, hakuna aliyeniita, mpaka leo.

Mama mdogo alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanigombeza. Akaishika mikono yangu, akaigeuza juu na chini, kisha akaniacha nipite.

Sasa, mtu atadhani hofu iliishia hapo. Hapana. Nilishindwa kufungua chochote. Soda, kopo la achari, chupa ya shampoo. Nilikuwa nampa anifungulie mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kazaliwa huku, Kiswahili anakisikia vizuri ila majibu yake ni Kiingereza. Akawa ananishangaa, "It's just soda, dada." Najua ni soda. Mwili ndio ulikuwa haujui.

Nikaenda kwa Prof kujitoa honours. Hakunibembeleza. Alisema kosa ni lake, kabati lile lilipaswa kukaguliwa na wataalamu kabla mwanafunzi yeyote hajalisogelea, na ameshakiandikia chuo hivyo. Akasema nikitaka kujitoa atanisaidia, na nikitaka kubaki hatanituma tena popote ambapo yeye mwenyewe hajatangulia.

Nikamwambia nitafikiri kwanza. Siku iliyofuata Patrice akaniambia tugawane kazi, yeye atafungua, mimi nitapima. Na kweli, kwa wiki kadhaa yule mtu mzima anayeandika PhD yake alikuwa anaacha kazi zake kuja kunifungulia vichupa vya maji ya bomba. Hakuwahi kunitania wala kuniuliza lini nitafungua mwenyewe.

Siku moja alikuwa kwenye simu na nyumbani kwao, na mimi nilikuwa na sampuli inasubiri. Nikaifungua. Nilikaa chini sakafuni baadaye nikapumua, lakini niliifungua.

Thesis nikaimaliza. Mbele ya jopo mwanga wa kalamu ya kuonyeshea slaidi ulikuwa unachezacheza ukutani kama nzi. Nilipita. Unga wangu unanasa risasi, sio yote, ila sehemu kubwa.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kujua kitu kwenye karatasi na kukijua kikiwa mkononi mwako ni mambo mawili. Na ukiogopa, ogopa, hakuna aibu, lakini ulichokiona kiseme, maana kuna mtu anakaribia kuingia mle ulimotoka wewe. Mimi bado naogopa. Kila kabati jipya naogopa. Nimeacha kusubiri hofu iishe ndipo nifanye kazi.

Mama yangu Unguja hajaambiwa. Kama kuna anayemfahamu humu, naomba amstahi, asimwambie.

Wenzangu mnaosoma sayansi ughaibuni, mliwahi kupata misukosuko ya lab? Na mliokaa na askari wa huku mkiwa na viza tu, mlifanyaje? Wekeni hapa, nitasoma zote.

Na mwalimu wa kemia unayepita kimya kimya kama nilivyokuwa mimi, najua shule zetu zina makabati ya tangu enzi za walimu waliokwishastaafu. Kesho ukifika, la kwako lifungue taratibu, lichungulie kwa macho tu. Mikono weka nyuma.