Koti Kwenye Shamba la Kijiji

Miaka ile ya Ujamaa, Jumanne na Alhamisi tulilima shamba la kijiji, juu kidogo ya Mlalo. Jua likipanda, wanaume walivua makoti na kukunja mikono ya mashati. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alibaki na koti lake zito, jasho likimtiririka.

“Huyu anaona baridi kama mzazi aliyejifungua jana!” walimtania. Naye akacheka pamoja nao.

Nilipompa uji, akanyoosha mkono kupokea, na mkono wa koti ukapanda, majeraha yakaonekana.

“Niliteleza kwenye matuta, shemeji,” alisema haraka.

“Tuta gani hilo lenye meno?”

Akanieleza kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini. Mkewe alimuuma, na kabla ya hapo alimmwagia maji ya moto. Yeye hakuwahi kumrudishia hata kofi.

Kwetu, siku moja kabla ya Meza ya Bwana, waliogombana walipatanishwa mbele ya wazee wa kanisa. Majirani walikuwa wamesikia kelele za nyumba ya shemeji, basi yeye na mkewe wakaitwa, na wazee wakachukulia kuwa mpigaji ni mume. Wakamtaka apige magoti, amwombe mkewe msamaha, kisha warudi nyumbani pamoja. Shemeji alishaanza kuinama. Mimi nilijua kurudi kule ni kuungua tena.

Namshukuru Mungu, siku hiyo hakuninyima sauti.

“Wazee wangu, shikamooni. Kabla hajapiga magoti, muulizeni kwa nini havui koti.” Nikamgeukia. “Ukitaka, shemeji. Usipotaka, twende zetu.”

Akalivua mwenyewe.

Mzee mmoja akaguna. “Mwanamume mzima?”

“Maji ya moto humuunguza hata mwanamume mzima, baba.”

Mkewe hakukana. “Nikisema ananyamaza tu,” alilalamika. “Ananiudhi!”

Hakuna aliyeupokea udhuru huo. Wazee walimzuia Meza ya Bwana mpaka atubu, na shemeji akaja kukaa kwetu. Toba ya mkewe ilichelewa sana. Nilimwombea kwa subira, lakini sikumruhusu shemeji arudi kwa sababu tu watu walichoka kungoja.

Jumanne iliyofuata kikao kile, shemeji alikuja shambani bila koti, mikono ya shati imekunjwa. Makovu yalionekana wazi. Mmoja wa wale wataniaji akafungua kinywa.

“Wewe lima,” mwenzake akamwambia.

Wakalima.