Kasuku wa Bingwa

Bingwa alilichukua kombe la tenisi la klabu mara nyingi hata wanachama wa klabu wakachoka kumpigia makofi. Rekodi yake iliandikwa kwa rangi ukutani, karibu na vyumba vya kubadilishia nguo: mataji, miaka, na majina ya wote aliowachapa. Kasuku, kama walivyomwita mwenzake wa mazoezi, hakuwemo. Yeye alichapwa kila asubuhi, na kipigo cha mazoezi hakina mwandishi.

Kazi ya Kasuku ilikuwa kuwa watu wengine. Kocha alimpa video za mpinzani anayefuata, naye akazikodolea macho mpaka akajua yule jamaa anavyodundisha mpira, anavyokimbilia wavu, anavyoburuta miguu akichoka. Asubuhi Bingwa humpigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja, "Leo wewe nani?"

"Leo mimi yule mrefu," Kasuku hujibu, au, "Wa mkono wa kushoto." Basi wanaanza. Kwa hiyo Bingwa alikutana na kila mpinzani akiwa ameshamchapa. Waandishi wa habari walijaza kurasa kuhusu kipaji chake. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza anafanya mazoezi na nani.

Mke wa Kasuku, fundi cherehani, hakuwahi kukanyaga pale. "Nije kukuona ukipigwa kwa niaba ya watu?" alimwambia. "Siku ukicheza wewe mwenyewe, nitafunga duka."

Siku hiyo ikaja. Mchezaji mmoja aliteguka mguu asubuhi ya mashindano, nafasi ikabaki wazi, kocha akampa Kasuku. Mpinzani ni Bingwa. Kasuku alishaanza kuota mvi na alijua bahati ya namna hii hairudi. Kushinda hakukuwaza, hakuwa mwehu. Alitaka tu mkewe auone mchezo wake, japo kwa pointi chache.

Mkewe akafunga duka kweli, akakaa mbele kabisa na gauni jipya alilojishonea.

Kasuku akadundisha mpira wa kwanza, akashtuka: ni mdundo wa yule mrefu. Akabadilisha mshiko, akajikuta ameshakuwa yule wa kushoto. Akakimbilia wavu kwa mbio za mtu mwingine, na Bingwa alikuwa anamsubiri palepale. Akajaribu kukumbuka alivyokuwa akipiga ujanani, kabla ya kazi hii. Mkono ukagoma. Hofu ikamshika, hofu mbaya, ya mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta wapangaji.

Bingwa, wala si kwa ubaya, ni mazoea tu, akaita, "Leo wewe nani?"

Watazamaji wakacheka. Kasuku akainama kuokota mpira.

Mechi iliisha upesi, kwa aibu. Wakati wanatoka, katibu wa klabu alishapanda juu ya kiti na brashi yake, analiongeza ukutani jina la Kasuku, lile alilopewa na wazazi. Wengi pale walikuwa wanalisoma kwa mara ya kwanza.

Walipokaribia duka, mkewe akamgeukia.

"Yule mrefu nilimjua, namwonaga kwenye televisheni," akasema. "Na wa kushoto pia. Sasa wewe ulicheza saa ngapi, mume wangu?"

Hakuwa anamtania. Kasuku naye hakutaka kumdanganya.

"Ule mpira wa mwisho," akasema. "Uliogonga wavu. Ule ulikuwa wangu."