Mchinja ng'ombe alisoma picha ya mgongo wangu, akasema kuna mfupa umepotea

Wakuu, habari za humu ndani.

Miaka yote nasoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya kimya. Leo na mimi natoa yangu. Nitaeleza ilivyokuwa bila kuongeza chumvi, hata pale nitakapoonekana mjinga. Na nitaonekana mjinga sana. Hapa naandika huku nacheka peke yangu.

Mimi ni mtu wa Masisi, Kivu ya Kaskazini, Kongo. Wazazi walitoka Butembo wakafungua duka hapa. Kazi yangu ilikuwa kununua jibini kwa wafugaji wa vilimani, kuipakia kwenye pikipiki na kuipeleka Kashebere, upande wa Walikale.

Ilikuwa vita. Leo njia iko wazi, kesho imefungwa. Unaishi kwa kuuliza madereva.

Siku moja karibu na Kashebere pikipiki ikazama kwenye tope hadi injini. Jibini yote iko nyuma. Badala ya kupakua, nikainama nikainyanyua na mzigo wake.

Kiunoni nikasikia kitu: pa!

Maumivu yakashuka tako la kushoto, nyuma ya paja, hadi kidole gumba cha mguu. Kukaa shida, kukohoa shida, kupiga chafya ndiyo usiseme kabisa.

Na hapo wakuu nilikuwa na mchumba, Furaha, binti wa wakulima wa kilima cha jirani. Mahari imetoka, padri ametutangaza kanisani mara mbili. Imebaki mara moja tu nioe. Nikasema siwezi kusimama altareni nimepinda kama ndoano, padri angoje kwanza nitibiwe.

Nikaenda Goma, nikapigwa picha ya skana. Wakanipa bahasha kubwa yenye picha na karatasi ya Kifaransa, wakaniambia nirudi kesho daktari anieleze.

Kesho yake asubuhi, kwenye parking, watu wanapiga kelele: vita inakaribia barabara, gari hii ndiyo ya mwisho kwenda Masisi!

Daktari au gari? Nikachagua gari. Na kweli njia ilifungwa nyuma yetu.

Kwenye kizuizi kimoja askari akaitoa picha kwenye bahasha akidhani nimeficha kitu. Akaiinua juani, akaitazama weee. Akanirudishia taratibu. "Pole sana, kaka. Pita."

Wakuu, mwenye bunduki akikupa pole, lazima uogope.

Karatasi nilijaribu kuisoma. Kifaransa cha shule ninacho, lakini pale nilielewa jina langu na umri wangu tu.

Sasa kwetu picha ya hospitali haikai kwenye bahasha. Kila anayekuja kukupa pole lazima aiinue mlangoni kwenye mwanga, aitazame, atoe maoni. Majirani wote wameshaona kiuno changu, hata mama muuza maharage.

Ndipo akaja Papa Bahati, mchinja ng'ombe wetu. Tangu mimi mtoto yeye anachinja. Hakuna mtu Masisi anayejua uti wa mgongo kama yeye, na sisi sote tuliamini hivyo.

Akahesabu kwa kidole kuanzia pale mbavu zinapoishia. Akarudia. Akarudia tena. Akavua kofia.

"Kaka, hapa kwa kiuno mifupa inapashwa kuwa sita. Wewe uko na tano."

"Ingine iko wapi?"

"Njo ile na mimi minajiuliza." ("Njo" kwetu ni "ndiyo".)

Mama yangu akaanza kulia hapo hapo.

Papa Bahati akaamua kwamba mfupa ulisagika siku ile ya tope. Akaniwekea na masharti: "Usitembee hata kidogo! Ukitembea, ile ya juu itaangukia ile ya chini."

Nikalala wiki mbili. Hata kugeuka kitandani naomba ruhusa. Maumivu hayakupungua, mapaja yakaanza kuisha, na usingizini naota mgongo wangu unaporomoka kama ukuta wa udongo.

Mawazo yakanila. Mwanaume aliyepungukiwa na mfupa anaoa vipi? Atalima vipi, atabeba nini?

Furaha alipokuja kunitazama, nikajikaza. "Furaha, minakuachilia. Tafuta mwanaume muzima."

Akanitazama. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akafunga kitenge chake vizuri akatoka. Jioni tukasikia amepita kwa padri, amemwambia asisome tangazo la tatu.

Nililia wakuu. Nilikuwa nimefanya uungwana, lakini uungwana ule uliuma kuliko kiuno.

Siku chache baadaye tukasikia kuna daktari mgeni amefika hospitali ya Masisi. Nikawekwa kwenye kipoyi, machela yetu ya kubebwa mabegani. Wabebaji wanne, na wa mbele ni Papa Bahati mwenyewe.

Daktari akaweka picha kwenye taa. Kabla hajafungua mdomo nikamuuliza: "Docteur, ile mufupa yenye ilipotea, banaweza kuirudisha?"

"Mufupa gani?"

Papa Bahati akasogea mbele, kidole juu ya picha. "Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano. Ya sita haiko."

Daktari akamgeukia. "Papa, unafanyaka kazi gani?"

"Minachinjaka ngombe."

Daktari akatafuta kiti akakaa. Akacheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi.

"Papa, ngombe njo iko na sita. Muntu iko na tano. Huyu iko muntu!"

Wakuu, sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa mimi ni mtu. Nilitaka kuruka toka kwenye kipoyi.

Akanieleza polepole. Katikati ya mifupa kuna mito laini. Wangu, ule wa kati ya mfupa wa nne na wa tano, umetokeza nje kidogo na unagusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kifaransa chote kile kilikuwa kinasema hivyo tu! Akasema wako watu wengi wenye picha mbaya kuliko yangu na hawaumwi popote, kwa hiyo yeye anatibu mtu, hatibu picha.

Akaninyanyua mguu, akanitembeza kwa visigino, kisha kwa vidole. Nguvu zipo.

Tiba? Kutembea kidogo kidogo kila siku na kuongeza, mazoezi, dawa ya maumivu kwa muda. Wengi hupona hivyo, ila inachukua wiki, hata miezi. Ikigoma, kuna sindano ya karibu na mshipa. Upasuaji ni kama maumivu yamekataa muda mrefu au mguu unapoteza nguvu.

Kisha akaacha kucheka kabisa. "Mukojo ikikatala kutoka ao ikitoka yenyewe, ukiwa na ganzi katikati ya mapaja, ao muguu ikilegea, usingoje. Unakuya siku ile ile."

"Na ile kulala yangu ya wiki mbili?"

"Njo ilikuongezea ugonjwa."

Nikarudi kwa miguu, kipoyi kitupu kinanifuata nyuma. Mlangoni Papa Bahati akasema: "Lakini hesabu yangu ilikuwa sawa."

Kesho yake nikashika fimbo, nikapanda kilima kwenda kwa kina Furaha. Nilipumzika mara nne. Nikamkuta anachambua maharage, nikamweleza yote, mpaka ya ng'ombe. Hakucheka.

"Mimi sikukasirika juu ya mufupa. Ulikata shauri yangu bila kuniuliza."

"Nisamehe, Furaha."

"Kuya kesho, nitakujibu."

Kesho nikaenda. "Kuya kesho."

Keshokutwa. "Kuya kesho."

Wiki zikapita. Kuna siku milio ya risasi ilisikika vilima vya mbali nikakaa ndani, lakini siku nyingine zote nilipanda. Majirani wakaanza kunihurumia.

Siku moja nikachoka. Nikasimama mlangoni kwao, yeye anachambua maharage kama kawaida. "Furaha, leo ninataka jibu. Njo ao hapana!"

Akanitazama toka juu hadi chini. "Fimbo iko wapi?"

Nikatazama mkono wangu. Mtupu. Nilikuwa nimeiacha nyumbani bila hata kujua, na sikuwa nimepumzika hata mara moja.

Hapo ndipo alipocheka. "Siku ulikuya mara ya kwanza, kesho yake nilienda kwa docteur kumuuliza. Alisema usipotembea kila siku hautapona, na wewe uko muoga. Jibu nilikuwa nayo tangu zamani."

Nilikaa chini kwenye maharage yake nikacheka na kulia pamoja. Ndoa tulifunga, na nilicheza mpaka wakwe wakaniomba nikae.

Nilichojifunza: ukipigwa picha, usiondoke bila mtu wa kazi hiyo kukusomea. Vita ikikutoa mbio kama mimi, mtafute popote alipo. Na kabla ya kumwacha mtu kwa ajili ya ugonjwa wako, muulize kwanza kama anataka kuachwa.

Haya, wenye bahasha zao juu ya kabati, nani aliwasomea? Semeni tu. Aliyebebwa kwa kipoyi kwa sababu ya mfupa wa ng'ombe hana ubavu wa kumcheka mtu.