Beseni la Kilole

Siku ya kwanza ya mafunzo ya kupiga mbizi nilifungwa kiunoni mkanda wa risasi, yaani vipande vizito vya kumzamisha mpiga mbizi, nikaambiwa nishuke kwenye tangi la zamani la shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Mimi mzaliwa wa Sindeni, binti wa mkulima, maji ya kumfika mtu shingoni nilikuwa nayasikia tu. Mamlaka ya maji ilitaka watu wa kusafisha machujio ya mabomba chini ya mabwawa, nami, msoma mita wao, nilijitolea kwa mbwembwe.

Mkufunzi Mkuu, mzee mfupi asiyecheka ovyo, alidai jambo moja kabla ya yote: vua miwani ukiwa chini, ivae tena, kisha puliza kwa pua mpaka maji yatoke ndani yake. Wenzangu waliweza. Mimi maji yakinigusa pua nilisahau kwamba hewa ya mtungi ninayo mdomoni, nikaibuka nikikohoa. Mwishowe akanipa hadi Jumatatu. Nikishindwa, narudi kusoma mita. Niliumia, maana nyumbani nilikwisha kujitapa.

Nilikuwa nimepanga chumba Kilole, mjini Korogwe. Jioni nilijaza beseni, nikazamisha uso, mrija mdomoni, nikajizoeza kuvuta pumzi kwa mdomo huku pua imo majini. Mama mwenye nyumba alinikuta, akauliza kama hiyo ndiyo dawa ya mafua siku hizi. Akawa ananitania kila jioni. Jumatatu niliivua miwani, nikaivaa, nikapuliza maji yakatoka. Mkuu alisema "tena" mpaka nikaacha kuhesabu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa bwawa moja la Handeni. Chujio lilikuwa limeziba, mabomba ya mjini yamekauka, na kina mama walitusubiri na ndoo. Mkuu alikuja kusimamia. Koki kuu ilifungwa kwanza, maana mkondo wa bomba humvuta mtu, nikashuka na kamba ya ishara kiunoni. Kule chini ni tope tupu, mkono wako mwenyewe huuoni. Tawi likaninyofoa miwani. Niliogopa sana. Nikaishika kamba, kuivuta mfululizo ni kuomba kutolewa. Kisha nikasikia pumzi yangu inaingia kwa mdomo, kama kwenye beseni. Nikaiachia kamba, nikapapasa tawi, nikaipata miwani, nikaivaa, nikalitoa gunia lililoziba chujio.

Nilipoibuka, Mkuu alikuwa peku kwenye tope.

"Umekawia."

"Miwani ilitoka, mkuu. Nikaivaa."

"Hewa bado ipo?"

"Ipo."

"Rudi ukaivue mwenyewe. Ya bahati mbaya haihesabiki."

Nilirudi nikinung'unika, nimeng'oa gunia zima na hata pole sikupata.

Nimestaafu mwaka jana. Vijana huniuliza hofu iliniisha lini. Haikuisha, nilifanya mazoezi ya miwani hadi wiki ya mwisho, na beseni ninalo mpaka leo. Kwenye hafla ya kuniaga Mkuu alikuja na mkongojo. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti karibu yangu.

"Siku ile Handeni," akasema, "nilivua viatu nikufuate. Kuogelea bila mtungi, kwenye tope, kwa umri ule. Ndiyo maana nikakurudisha chini ujizoeze, nisije nikavivua tena."

Machozi yalinitoka mbele za watu. Miaka yote ile nilidhani alikuwa anaogopa kuvichafua.