Matanga ya Aliye Hai

Harufu ilianzia ghorofa ya pili. Ukipanda ngazi za jengo letu hapa Croydon, kusini mwa London, wakati wa jioni, bangi ilikupokea kabla hujamwona mvutaji, kisha ukawakuta vijana wamekaa chini ya dirisha. Walikuwa na adabu zao. Walikunja miguu tupite, na lifti ilipoharibika walitubebea mifuko ya sokoni. Sheria inakataza, lakini polisi hawaji kwa ajili ya moshi wa ngazini.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ni mzaliwa wa Tanga, kazi yake kutunza wazee majumbani, na ana mtoto mmoja tu. Kijana huyo alikuwa amelazwa hospitali ya magonjwa ya akili tangu majira ya baridi. Alifika mahali pa kumwuliza mama yake, kwa upole kabisa, "Wewe ni nani?" Daktari hakusema kwamba bangi ndiyo iliyoleta yote. Alisema akiirudia, ugonjwa nao huenda ukamrudia. Sasa alikuwa anaruhusiwa kutoka, Jumamosi.

Wiki hiyohiyo kamati ya wakazi iliitisha mkutano. Kundi moja la mtaani lilitaka jengo letu liunge mkono ombi kwa mbunge, bangi ya starehe ihalalishwe. Msemaji wao alikuwa mwalimu mstaafu, Mwingereza wa ghorofa ya chini aliyewasomesha vijana wetu wengi. Alieleza vizuri: iuzwe dukani, ijulikane ukali wake, na vijana waache kupekuliwa barabarani kama wezi. Nilizisikiliza hoja zake na sikuona hata moja ya kuichekea.

Jirani yangu akasimama.

"Mwalimu, kuhusu polisi sibishani nawe. Hata mwanangu wamempekua. Lakini leo ni marufuku, na bado inamngoja mlangoni. Mkiipa ruhusa, nitamwendea nani kumwomba aiondoe?"

Mikono ilipoinuliwa, wengi walilikataa ombi. Tukatoka ukumbini, tukapanda, na harufu ilikuwa palepale.

"Si tumeshinda?" nikamwambia.

"Tumeshinda ukumbini, shoga. Mwanangu haishi ukumbini."

Jumamosi mchana, jirani yangu alipokwenda kumchukua mwanawe, nilisikia minong'ono nje. Nikafungua mlango. Mikeka ilikuwa imetandikwa kwenye kila kituo cha ngazi, kuanzia chini hadi mlangoni kwake, na wanawake wamejaa: wa Mombasa, wa Unguja, mama mmoja wa Kongo, na muuguzi wa Kisumu aliyetoka zamu akiwa bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Kulikuwa na chupa za chai na sinia la maandazi. Wamekaa bega kwa bega, sauti chini, kanga mabegani. Nilikujua kukaa kule. Hivyo ndivyo tunavyomkalia mfiwa.

Vijana wa dirishani walipofika, walisimama ghafla. Mmoja akauliza kwa Kiingereza, karibu kwa kunong'ona, ni nani amefariki.

Bi mkubwa wa Unguja alimjibu kwa Kiswahili, naye alimwelewa vizuri tu. "Hajafa mtu, baba. Safari hii tumewahi."

Kijana alichomoa msokoto sikioni akautia mfukoni.

"Sasa sisi tuende wapi?"

"Popote penye upepo. Chukua andazi, nenda."

Mwalimu naye alitokeza, akaelezwa, akakaa ngazi ya chini. Alisema bado anaamini lile ombi lake.

"Amini tu, mwalimu," muuguzi akamwambia kwa Kiingereza, "ila sogea kidogo, umekalia kanga yangu."

Akasogea. Hapo ndipo mlango wa nje ulipofunguka.

Mwana wa jirani yangu alikuwa amekonda, na vitu vyake vyote vimo katika mfuko mmoja wa plastiki. Alitazama juu akaona nyuso zile zote. Akamwambia mama yake kwa Kiingereza, lugha yake ya siku zote, kwamba watu wanamtazama.

"Wakutazame," mama akasema.

Tulingoja. Kijana aliutazama mkeka uliokuwa mbele yake. Kisha akainama, akavua viatu. Hakuna aliyemwambia. Alivishika mkononi, akaanza kupanda kwa soksi.

"Shikamoo," alimwambia mwanamke wa kwanza, kwa matamshi ya London.

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo." Magoti yalisogezwa, akapita. "Shikamoo." Na kila aliyeitikia aliinua uso kumtazama akienda juu, taratibu, bila kumruka mtu, hata mwalimu, aliyeitikia kwa kuinamisha kichwa tu.

Mama yake alibaki chini, ameshika nguzo ya ngazi. Nikateremka kumpa mkono.

"Panda, dada. Chai tayari."

"Niache kwanza," akasema bila kunigeukia. "Nataka kumwona anavyopanda."